Mapigo Mawili Kutoka Duara la Tatu

Arusha,
3 Februari 2013

Tata, shikamoo.

Kuna mlio mmoja ambao haujawahi kunitoka kichwani. Ngo, ngo. Mapigo mawili ya chuma kutoka chini ya ardhi. Nilikuwa na miaka saba, mama amenituma nikuletee uji, nimesimamishwa kule kwenye karasha la kusagia mawe kwa sababu mwanamke hakaribii mdomo wa duara, shimo la dhahabu, hata akiwa wa miaka saba. Wewe ulikuwa umekaa kwenye gogo kando ya bomba la hewa. Ukainuka, ukachukua nyundo, ukarudisha yale yale kwenye bomba: ngo, ngo. Kimya. Halafu kutoka chini mtu akakwaruza bomba mara moja, na hapo tu ndipo ulipoinua mkono watu wa winchi wakaanza kuzungusha.

Ulinieleza tukirudi nyumbani. Mbili, pandisha. Tatu, hatari, wote watoke. Nilipiga sufuria kwa kijiko wiki nzima mpaka mama akaninyang'anya kijiko.

Natumaini mama hajambo na mgongo wake umepoa. Mimi ni mzima. Chuo kinaendelea vizuri, chakula ni cha kuvumilia, baridi ya huku nimeizoea.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu. Nikipiga hupokei. Mama anasema mtandao wa Nyangoto ni mbovu, na mimi najua ni wewe uliyemwambia aseme hivyo. Mwezi wa kumi na mbili nilipokuja, alikuita mara tatu ukiwa umempa mgongo, hukugeuka. Ukasema unawaza. Redio ukaifungulia mpaka mbuzi wa jirani wakahama.

Tata, kila siku kuna watu chini ya ardhi ambao mdomo wao ni lile bomba na sikio lao ni wewe. Sijamwambia mtu. Lakini silali nikifikiria siku watakayogonga mara tatu.

Naweza kutengeneza sanduku. Kila bomba litafungwa sikio lake la umeme, na kila sikio litawasha taa yake. Bomba likigongwa mara mbili, taa inawaka mara mbili. Ninachoomba ni ruhusa yako.

Binti yako,
Ghati


Nyangoto,
19 Februari 2013

Mwanangu Ghati, marahaba.

Hapa wote wazima. Mama yako mgongo umepoa, ila mdomo haujapoa, anauliza utaolewa lini. Mvua imeanza. Watu wanazidi kumiminika kwa ajili ya dhahabu, wa Geita, wa Kahama, na Wakenya wanaovuka Sirari wakisema "si mnipatie nafasi hapo, mzee". Kila mwenye sururu anataka duara.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikakasirika nikaenda kuangalia ng'ombe. Redio ni mbovu kweli. Niliipeleka Tarime kwa fundi Imrani, akaifungua, akaifunga, akasema, "Mzee Mniko, hii redio haina ugonjwa." Nikamwambia basi fundi ndiye mgonjwa. Akacheka sana, na sikusikia alivyocheka, niliona meno tu.

Sawa. Nimesema.

Ilianza mwaka juzi, baruti ilipolipuka kabla sijasogea. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia linasikia kama mtu anayeongea akiwa ndani ya gunia. Lakini usidhani nimewaweka watu rehani. Ninashika bomba. Kiganja changu kinasikia pigo kuliko sikio lilivyowahi kusikia, hakijakosa hata siku moja.

Tatizo ni hili. Tulikuwa na maduara mawili, na mimi nina viganja viwili. Mwezi ujao msimamizi wetu Waitara na wenzake wanashusha watu kwenye la tatu na la nne. Mabomba manne. Nimelifikiria jambo hilo kuliko wewe.

Nikiwaambia, watanirudisha nyumbani kuchunga mbuzi na kumweka mtu mwenye masikio mazuri na macho kwenye simu. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye lile gogo, na hakuna aliyebaki chini siku yangu.

Lete sanduku. Waitara mwambie ni utafiti wa chuo. Na sheria unaijua: fundi Imrani ndiye atakayefunga vitu kwenye mabomba. Wewe ukija utasimama kwenye karasha.

Tata yako,
Mniko


Arusha,
10 Machi 2013

Tata, shikamoo.

Nashukuru kwa barua. Niliposoma habari ya kiganja nililia kidogo, halafu nikafanya kazi siku tisa mfululizo. Mama mwambie bado sijapata wa kunioa, ila jana sanduku lilipowaka nilicheka peke yangu kwa sauti mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimechumbiwa.

Nikueleze kilichomo, maana utaulizwa. Kuna chipu moja, ndogo kuliko kibiriti. Inatoka kiwandani haijui kazi yake. Mimi naandika kwenye kompyuta jinsi ninavyotaka ifikiri, na programu inazipanga nyaya zake za ndani zifuate nilichoandika. Kisha kuna faili la pili, fupi, linaloitwa faili la masharti. Hilo linasema kila ishara iingilie mguu gani wa chipu: jina hili, mguu huu. Bila hilo chipu ina akili lakini haijui sikio lake liko wapi.

Maduara mawili ya zamani niliyaandika mapema, kila moja na jina lake la kawaida. Uliponiambia yanakuja mawili mapya, nikayaandika kama safu moja, jina moja na namba kwenye mabano, ndivyo wataalamu wanavyofanya. Inapendeza kwa macho.

Nilikuwa na masikio mawili tu hapa mezani. Nimeyajaribu, yanafanya kazi kama ndoto. Mengine mawili yanapitia Sirari moja kwa moja kwa fundi Imrani. Sanduku nimelikabidhi kwenye basi leo asubuhi. Taa nimeziandika namba kwa rangi nyeupe, moja mpaka nne.

Usimruhusu mtu aweke chai juu yake.

Binti yako,
Ghati


Nyangoto,
28 Machi 2013

Mwanangu Ghati, marahaba.

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu na anasema ukonde kidogo tu, usizidishe.

Sanduku lilifika na Imrani akalifunga Jumatatu. Watu walijaa kama kuna sherehe ya tohara. Akagonga bomba la kwanza, taa ya kwanza ikawaka. Akagonga la pili, ya pili ikawaka. Waitara akaruka juu, akasema, "Mura, huyu binti wa Mniko ni mchawi wa kizungu!" Mimi nikakaa kwenye gogo langu kama baba wa mbunge. Kwa shangwe ile hakuna aliyekumbuka kujaribu la tatu na la nne.

Jumatano Waitara akashuka la tatu na watu wawili. Nikaiangalia ile taa ya tatu mpaka macho yakatoa machozi. Haikuwaka. Nikasema kazi inaendelea. Baadaye sijui kitu gani kilinisukuma, nikaweka kiganja kwenye bomba. Lilikuwa linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mbili, mbili, mbili. Nikarudisha, wakakwaruza, tukawapandisha. Waitara alitoka amevimba. "Mzee, nimegonga mpaka mkono umekufa! Ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa naangalia taa yako, mwanangu.

Nikamwambia nilikuwa najaribu uvumilivu wake. Wote wakacheka isipokuwa yeye. Imrani akajaribu la nne, nalo kimya. Amebadilisha masikio, amebadilisha nyaya, vyote vizima. Anasema ugonjwa uko ndani ya akili ya hilo sanduku, na huko yeye hafiki.

Sikulaumu. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Kwetu hapa, mtu wa chini akigonga, mimi sifanyi kitu kwanza. Ninarudisha nilichosikia. Yeye akikwaruza ndipo nijue kwamba nilichosikia ndicho alichosema. Hata kama nina uhakika. Hata kama nina haraka. Tulianza hivyo baada ya kumpandisha Wangwe wakati alitaka tusimame, akavunjika bega.

Je, wewe ulipoliambia sanduku lako habari ya la tatu na la nne, lenyewe lilikurudishia?

Nimelifunika kwa gunia. Waitara anasema kama halitatengenezwa kabla ya mwezi wa tano litolewe, linampotezea mzee akili. Mzee ni mimi.

Tata yako,
Mniko


Arusha,
9 Aprili 2013

Tata, shikamoo.

Wote huku salama. Mimi nilikuwa si salama kwa siku mbili baada ya barua yako. Nilijifungia, nikawa naona bomba linatetemeka na wewe unaangalia taa. Kisha nikalisoma tena swali lako la mwisho, nikainuka na kwenda maabara bila hata kuchana nywele.

Halikunirudishia, Tata. Wala sikuliuliza.

Kosa nimeliona na ni dogo la kuaibisha. Kwenye faili la masharti mabano ya mraba si mapambo. Kwa ile programu ni amri: nenda kwanza ukafanye kilichomo humu ndani, kisha urudi na jibu. Mimi niliandika jina la duara lako la tatu likiwa na sifuri kwenye mabano, kwa sababu sisi tunaanza kuhesabu kwenye sifuri. Nilikusudia jina. Programu ikasoma amri. Ikaenda kutafuta kazi iitwayo sifuri, haikuipata, ikarudi mikono mitupu. Ikaandika onyo moja, nami siku ile nilikuwa na maonyo mia mbili na kumi na mawili, mengi ya upuuzi, nikayapita yote kama mtu anayepita sokoni. Kisha, kwa kuwa haikuambiwa mguu, ikajichagulia mguu wowote uliokuwa wazi. Masikio ya la tatu na la nne yamekuwa yakiongea na miguu ambayo haina mtu.

Dawa yake ni kulifunga jina zima ndani ya mabano mengine, yale yaliyopinda kama pinde mbili zinazoangaliana. Hayo yanasema: kilichomo humu ni jina, usikiguse, kichukue kilivyo. Na hata hapo kuna mtego wa pili, maana ukitafuta jina kwa herufi, yale mabano ya mraba yanaweza kusomwa kama "chochote kati ya hivi". Kwa hiyo kila bano nimelitanguliza kwa alama ya mkwaju wa kinyume, kuliambia likae kimya liwe herufi tu. Mambo haya nilifundishwa mwaka wa pili. Nilipata alama nzuri.

Lakini dawa hiyo pekee isingeniridhisha. Mwaka ujao mtafungua la tano, nami nitaandika jina jingine kwa mapambo mengine. Kwa hiyo nimefanya unavyofanya wewe. Baada ya kila sharti nimeandika mstari unaoiuliza programu: umeshika nini? Ni lazima irudishe jina lile lile, na moja tu. Ikirudi bila kitu, kazi yote inasimama hapo hapo, hakuna onyo, hakuna kuendelea. Kwenye faili mstari huo nimeuita "kwaruza". Mwalimu wangu ameuliza ni lugha gani. Nimemwambia ni ya Nyangoto.

Nakuja nalo mwenyewe sikukuu ya Muungano. Nitakaa siku tano. Na safari hii nitayajaribu masikio yote manne, kutoka chini.

Binti yako,
Ghati


Nyangoto,
20 Mei 2013

Mwanangu Ghati, marahaba.

Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Mama yako anajisifu sokoni kwamba binti yake ameongea na mawe. Sisi wazima, na ninazo habari, keti chini.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa nimeketi naongea na mtu wa la kwanza, nimeligeuzia bomba la nne mgongo. Mara naona mwanga unacheza kwenye bati. Nikageuka. Taa ya nne. Tatu. Tatu. Tatu. Nikashika nyundo nikarudisha tatu, wakakwaruza, nikapiga kelele mpaka karasha likazimwa. Maji yalikuwa yamepasua ukuta kule chini. Walikuwa tisa. Tumewatoa wote tisa, Waitara wa mwisho, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, buti moja imebaki huko. Akakaa chini akaangalia mguu wake mtupu, akacheka mpaka tukacheka wote. Tulichinja mbuzi jioni.

Na mimi, kabla nyama haijaiva, nikasimama. Kwa sababu nilikuwa nimeligeuzia bomba mgongo, Ghati. Hapakuwa na kiganja juu yake. Nikasema mbele ya wote: "Sikilizeni, mimi masikio yangu yamekwisha tangu mwaka juzi. Kilichowatoa ni sanduku. Mkitaka niende kuchunga mbuzi, nitaenda."

Waitara akasema, tena kwa nguvu ili nisikie, "Mzee, sisi tulijua. Unadhani kwa nini tulianza kugonga kwa nyundo ya kilo nne?"

Wote walijua! Mpaka wauza chai! Imrani ndiye aliyejua wa kwanza, kwa ile redio. Nikawauliza, kwa hiyo mnaniweka wa nini? Waitara akasema, "Sanduku linaona, lakini halirudishi. Nani atashika nyundo?" Basi bado niko kwenye gogo langu. Wameniwekea na mto.

Habari nyingine. La tatu limeanza kutoa mawe mazuri, yale yenye mshipa mweupe, tangu wiki ile ile ulipokuwa hapa. Wazee wa Nyanungu wamekuja kuangalia. Nimewaambia siri ni kushika sheria. Hapa mwanamke hakanyagi mdomo wa duara, hata awe binti yangu mwenyewe mwenye chipu, na dhahabu inaona heshima hiyo haikimbii. Nakushukuru ulivyosimama kwenye karasha siku zote tano bila kununa.

Halafu, yule mtu mfupi wa Ringwani aliyeshuka la tatu siku yako ya mwisho, mwenye koti la Waitara. Amepotea, sijamwona tena. Kama mlisalimiana na unajua anapokaa, nitumie habari. Nilimrudishia kwa ile taa na nikaweka kiganja kwenye bomba pia, kwa mazoea. Ana mkono safi. Anagonga kama mtu aliyefundishwa zamani, na vizuri. Nataka awe anashuka la nne.

Tata yako,
Mniko


Arusha,
2 Juni 2013

Tata, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana sikufika kwenye kiti. Tisa, wote. Nimewasomea wenzangu mpaka ile sehemu ya buti, wakapiga makofi. Msalimie Waitara, mwambie nitamtumia buti. Msalimie mama, mwambie nimepata wa kunioa lakini bado hajajua.

Sasa nikae niandike lile ninalopaswa kuandika. Nilipanga nisikuambie kamwe. Lakini umewaambia watu ukweli mbele ya mbuzi anayechomwa, na mimi siwezi kuwa mwoga kuliko baba yangu.

Jumatatu ile nilipokuwa huko, sanduku lilipowaka taa zote nne, kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Mezani kwangu pia liliwahi kuwaka. Imrani alikuwa amegonga kutoka juu, na juu si chini. Mtu wa kwanza kuweka uhai wake kwenye ile taa ya tatu angekuwa Waitara, ambaye nilikwisha kumwacha akigonga mpaka mkono ukafa. Nililala nikijiuliza kwa haki gani namshusha mtu mwingine kwa kutegemea kazi ambayo mimi mwenyewe siiamini kutoka chini.

Kesho yake, saa nne asubuhi, ulikwenda na Imrani kupima bati la kufunika taa. Nilimwendea Waitara. Nikamwomba anishushe mimi kwanza. Akasema, "Mzee akijua atatuua wote wawili, wewe utangulie." Kisha akavua koti lake. Kofia yake ilinifika puani. Ulirudi wakati tayari nimeshikilia kamba, mabega tu ndiyo yanaonekana, ukauliza yule mfupi ni nani, na Waitara akakupigia kelele sikioni kwamba ni mgeni wa Ringwani. Ukasema, "Mwambie asiguse ukuta wa kushoto." Sikuugusa.

Kule chini ni joto, na kunanukia mvua ya zamani. Nilisimama futi sabini chini yako nikiwa na jiwe mkononi. Hofu haikuwepo. Nilisikia tu moyo wangu, halafu nikakumbuka sufuria na kijiko, nikagonga mara mbili.

Nikangoja. Ilikuwa kama muda wa kunywa kikombe kizima cha uji.

Halafu ikaja kutoka juu. Ngo, ngo. Yako, najua mkono wako, nimebeba mlio huo miaka kumi na saba.

Kwa hiyo mawe ya mshipa mweupe yameanza kutoka wiki ile ile aliyoshuka mwanamke, yaambieni mnavyoona inafaa. Mtu wa Ringwani hayupo, usimtafute. Nilikaa nimeweka kiganja kwenye bomba mpaka likanyamaza, kisha nikakwaruza mara moja, na wewe ukanipandisha.

Binti yako,
Ghati